Simulesheni ya saketi: tuache kuchagua kwa macho

Jumapili, usiku

Natumaini wale wenye test kesho mko kwenye msuli, hampo hapa. Leo sina habari za bumu wala za foleni ya kafeteria. Nina hoja ya darasani. Inawahusu zaidi wana-Umeme, lakini hata ninyi wa Mekanika na Kompyuta kaeni tu, hamtapotea.

Kila mwaka, mwaka wa pili wanapoanza saketi za elektroniki na mwaka wa nne wanapoanza kuhangaika na projekti, swali linalozunguka kwenye korido ni moja: "Kaka, nisimuleti kwa kutumia nini?" Na jibu wanalopewa wengi ni flashi. Namaanisha flashi kweli. Mshikaji anakuletea flashi yenye programu iliyovunjwa kufuli, na ndani yake kuna faili la maelekezo ambalo mstari wake wa kwanza unasema "zima antivirusi". Unazima, unaingiza, unabonyeza, taa nyekundu inawaka kwenye skrini, unapiga picha ya skrini, unabandika kwenye ripoti. Projekti imekwisha! Halafu unakwenda Kariakoo kununua vifaa, unaunganisha kwenye bredibodi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, na taa haiwaki.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili mwenye usingizi akalale: mwanafunzi wa uhandisi wa umeme aanze na SPICE ya bure. LTspice inafaa, ngspice iliyomo ndani ya KiCad inafaa pia. Ajifunze hiyo moja mpaka aizoee, halafu hizo nyingine zije baadaye kwa kazi maalumu. Na asichague programu kwa sababu michoro yake inapendeza au inafanana na bodi halisi. Najua wengi mtapinga, basi ngoja nieleze.

Kwanza, kusimuleti ni nini hasa?

Tuondoe uchawi kwenye jambo hili. Programu ya aina ya SPICE inachukua mchoro wako na kuugeuza kuwa orodha: rezista hii iko kati ya nodi ya 1 na ya 2, kapasita ile iko kati ya nodi ya 2 na nodi ya 0, na kuendelea. Kisha inaandika milinganyo ya Kirchhoff ya mkondo kwa kila nodi, ile ile uliyopigwa nayo mtihani mwaka wa kwanza. Milinganyo inawekwa kwenye matriksi na kutatuliwa. Ukiwa na daiodi au transista, ambazo mkondo wake hauendi kwa mstari ulionyooka, programu inakisia jibu, inapima kosa, inakisia tena kwa njia ya Newton-Raphson mpaka jibu litulie. Ukitaka kuona volti inavyobadilika kwa muda, inakata muda vipande vidogo vidogo na kurudia kazi hiyo kwa kila kipande.

Basi. Hakuna umeme mle ndani. Ni hesabu zako mwenyewe, zinafanywa na mtu asiyechoka. Kwa hiyo jibu linakuwa sahihi kwa kadiri ulivyoieleza saketi yako. Ukiiambia kwamba chanzo chako cha umeme hakina ukinzani wowote ndani, itakubali. Ukiiambia kwamba rezista ya robo wati inabeba wati 50, itakubali pia, na wala hutanusa moshi.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Kwa mwanafunzi, programu nzuri ni ile inayokuonyesha ulichoidanganya. Ile inayoficha ni hatari hata ikiwa na rangi nzuri kiasi gani.

Kidogo historia, haitauma

SPICE ilizaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na cha kufurahisha ni kwamba ilianza kama kazi ya darasani. Mwalimu Ron Rohrer aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika programu ya kuchambua saketi, na mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Laurence Nagel. Programu ile ya mwanzo waliiita CANCER. Jina hilo ni kifupi cha maneno yaliyoishia na tamko kwamba haihusiki na mionzi, maana enzi zile programu nyingi za namna hiyo zililipiwa na jeshi la Marekani lililotaka kujua saketi zitafanyaje kwenye mionzi ya nyuklia. Vijana wakajitoa kimasomaso kwenye jina lenyewe!

Baadaye Nagel akasimamiwa na Profesa Donald Pederson, naye akashikilia jambo moja: programu itolewe kwa kila anayeitaka. Mwaka 1973 SPICE ikatangazwa. SPICE2 ikafuata mwaka 1975, na SPICE3 mwaka 1989. Wanafunzi wa Berkeley walipohitimu walikwenda nayo kazini, viwanda vikaizoea, na leo karibu kila programu ya saketi unayoisikia ina damu yake. PSpice ya mwaka 1984 iliileta kwenye kompyuta ndogo za mezani. LTspice iliandikwa na Mike Engelhardt akiwa Linear Technology, ikatoka mwaka 1999, na tangu mwaka 2017 iko chini ya Analog Devices baada ya kampuni hizo kuungana. Engelhardt huyo huyo alikuja na QSPICE mwaka 2023, nayo ni ya bure. Ngspice ni mjukuu wa moja kwa moja wa SPICE3, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Nawaambia haya kwa sababu kuna watu wanaona kitu cha bure ni kitu cha daraja la pili. Hii ni ya bure kwa sababu profesa mmoja aliamua iwe hivyo. Mtu akikuuzia maji ya mto, hayajawa matamu kuliko ya mtoni.

Utamu wa Proteus na sukari yake

Najua hapa ndipo mawe yataanza kurushwa. Nusu ya wana-Umeme ninaowafahamu ni waumini wa Proteus, programu ya Labcenter Electronics ya Uingereza. Nisiionee. Ina jambo moja ambalo SPICE ya kawaida haina: unaandika programu ya mikrokontrola, unaipakia kwenye chipu ya kwenye skrini, na unaona skrini ndogo ya LCD ikiandika jina lako na mota ikizunguka. Kwa kujaribu mantiki ya programu yako kabla hujanunua chipu, ni kazi safi. Aliyeinunua kihalali, au ambaye maabara yake ina leseni, aitumie kwa kazi hiyo bila wasiwasi.

Lakini angalia imerahisisha nini ili upate raha hiyo. Pini za umeme za mikrokontrola zimefichwa na zimeshaunganishwa zenyewe. Masafa ya saa unayaandika kwenye kisanduku cha sifa za chipu, kwa hiyo hata usipochora kristali na kapasita zake mbili, programu yako inakimbia kama kawaida. Kapasita ya nanofaradi 100 tunayoambiwa tuiweke jirani na chipu haina kazi yoyote pale, maana umeme wa kwenye skrini haujui kutikisika. Waliotengeneza waliamua hivyo makusudi ili mambo yaende haraka, na kwa mtu anayejua yaliyofichwa hakuna tatizo.

Tatizo ni sisi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hajui kilichofichwa, anauchukua mchoro wa kwenye skrini kama ulivyo, anaupeleka kwenye bredibodi. Hakuna kristali, hakuna kapasita, pini moja ya umeme inaelea hewani. Chipu imekaa kimya kama bubu. Anasema chipu ni kimeo, anarudi Kariakoo kununua nyingine. Nyingine nayo "kimeo". Hela ya bumu inakwenda hivyo hivyo, na muuza duka anaonekana tapeli wakati chipu zote mbili ni nzima.

Mfano wa kushika mkononi

Tuache maneno, tufanye pawa saplai ya volti 12, ambayo kila mtu humu ataijenga siku moja. Transfoma inatoa volti 12, daiodi nne, kapasita, halafu 7812. Mzigo unakula nusu ampea.

Kabla ya kufungua programu yoyote chukua kalamu. Volti 12 za transfoma zina kilele cha karibu volti 17. Toa 1.4 za daiodi mbili, unabaki na 15.6. Umeme wetu ni hezi 50, na kwa daiodi nne kilele kinakuja kila baada ya milisekunde 10. Kati ya vilele hivyo kapasita ndiyo inayolisha mzigo, na volti inashuka kwa mkondo mara muda gawanya kwa kapasita. Ukiweka mikrofaradi 1000: 0.5 × 0.01 ÷ 0.001 = volti 5. Volti inashuka mpaka 10.6. Lakini 7812 inataka karibu volti 14 mlangoni ili itoe 12 zilizotulia. Haifai. Ukiweka 2200 unashuka kwa 2.3, unabaki na 13.3, bado. Ukiweka 4700 unashuka kwa 1.1, unabaki na 14.5. Hapo sawa.

Sasa fungua LTspice, chora saketi ile ile kwa mikrofaradi 1000. Itakuambia volti inashuka karibu 4, siyo 5. Nani kakosea? Hakuna. Wewe ulichukua milisekunde 10 nzima, wakati daiodi zinaanza kupitisha mkondo kabla ya kilele kufika, kwa hiyo kapasita inapumzishwa mapema, kwenye milisekunde ya nane hivi. Ukiielewa tofauti hiyo ya volti 1, umejifunza kitu kuhusu rektifaya ambacho desa la mwaka jana halina.

Endelea. Angalia mkondo wa daiodi mara unapowasha, ukiwa na ile 4700. Utaona ampea ishirini na kitu! Usikimbie. Programu imefanya ulivyoiambia: chanzo kisicho na ukinzani kimekutana na kapasita tupu. Transfoma halisi ina nyaya ndefu zilizozungushwa, na nyaya zina ukinzani. Ongeza rezista ya omu 1 kwa mfuatano na chanzo, uone kilele kinavyoporomoka. Uone pia kwamba volti ya kapasita nayo imeshuka kidogo, na ile 14.5 uliyojivunia imeanza kutetereka.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hatulifanyi. Umeme wa kwenye skrini ni volti zile zile asubuhi na jioni. Wa mtaani unashuka jioni watu wakiwasha pasi na majiko. Kwenye LTspice kuna amri ya kurudia simulesheni kwa thamani tofauti, .step, kwa hiyo unaweza kuiambia ijaribu transfoma ikiwa na volti 10.8, 12 na 13.2, na kukuonyesha grafu zote kwa pamoja. Kwenye 10.8, yaani umeme umeshuka kwa asilimia 10 tu, kilele chenyewe baada ya daiodi ni 13.9. Haifiki hata ile 14, kapasita uweke kubwa kama ndoo. Hapo ndipo unapojua unahitaji transfoma ya volti 15, na umelijua hilo kabla hujatoa hata shilingi.

Hiyo ndiyo kazi ya simulesheni. Kuuliza "je, ikiwa?" mara mia kwa bei ya umeme wa laptopu. Kama ni kuangalia taa inawaka, nunua tochi.

Na kuna swali ambalo simulesheni hiyo haikuulizwa, kwa hiyo haikulijibu. 7812 inapokea wastani wa volti 15, inatoa 12, kwa nusu ampea. Wati 1.5 zinageuka joto. Bila bati la kupoozea, chipu ya umbo lile hupanda digrii 50 mpaka 65 kwa kila wati, inategemea mtengenezaji. Zidisha, jumlisha na digrii 30 za chumba chako hapo hosteli, unakaribia au unapita digrii 125 ambazo ndizo kikomo chake. Kwenye grafu kila kitu kinang'aa. Kwenye bodi unaunguza kidole. Isitoshe, SPICE usipoiambia lolote inachukulia kila kifaa kiko kwenye digrii 27, nazo kwa boksi la plastiki lililofungwa juu ya bati huko Dodoma ni ndoto.

SPICE nayo ina visa vyake

Nisiwe kama wale wanaosifia timu yao tu. SPICE ina visa, na usipovijua vitakutoa jasho.

Ukiandika 1M kwenye rezista ukidhani ni megaomu, SPICE inasoma mili. Umeweka omu 0.001! Herufi kubwa na ndogo kwake ni sawa. Mega inaandikwa Meg.

Ukiandika 1F kwenye kapasita ukidhani ni faradi moja, inasoma femto. Faradi moja andika 1 peke yake.

Usipoweka alama ya ardhi, yaani nodi ya 0, haianzi kazi. Volti zote zinapimwa kutoka mahali fulani, na usipopataja itakusomea habari za matriksi.

Na kisa ninachokipenda kuliko vyote: osileta ya transista mbili, ile ya taa zinazopokezana. Ukiichora vizuri kabisa, pande zote zikiwa sawasawa, kwenye simulesheni inaweza isianze kamwe. Transista zote mbili zinakaa katika hali ile ile, kila moja inamsubiri mwenzake. Kwenye bredibodi inaanza papo hapo, kwa sababu hakuna transista mbili duniani zinazolingana kabisa, na hakuna umeme usio na kelele. Inabidi uiambie SPICE kwamba kapasita moja ianze na volti tofauti. Mwanafunzi anayekutana na hilo analalamika kwamba programu ni mbovu. Mimi nasema amefundishwa bure kwamba saketi yake inaishi kwa kutegemea kasoro.

Visa hivi vyote vinafanana kwa jambo moja. Vinakurudisha kwenye karatasi, ukajiulize "hivi nimeiambia nini?" Ndiyo maana nasema SPICE ni ya mwanafunzi, ingawa sura yake haivutii.

Suala la flashi

Sasa hili la programu zilizovunjwa kufuli. Sitahubiri, maana sisi sote tunaishi hapa na tunajua bei ya leseni na tunajua bumu. Niseme mambo matatu tu.

La kwanza: ukizima antivirusi kwa amri ya mtu usiyemjua, kompyuta hiyo si yako peke yako tena. Na ndiyo hiyo hiyo yenye ripoti ya projekti ya mwaka mzima.

La pili: unajifunza kutumia kitu ambacho hutaweza kukitumia. Ukihitimu, ukafungua karakana yako au ukaajiriwa kwenye ofisi ndogo ya watu watatu, huwezi kufanyia kazi ya mteja kwa programu ya wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Na tunaotaka kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi tunakwenda kula kiapo cha maadili. Tunaanza vipi kula kiapo huku chombo chetu cha kwanza ni cha kuiba?

La tatu ndilo kubwa: hakuna haja! Mtu anayeiba mkate kwa njaa unaweza kumwelewa. Huyu anayeiba mkate huku jirani anagawa ugali na samaki bure, tumwelewe vipi? LTspice haina kikomo cha idadi ya nodi. Wale wa zamani watakumbuka PSpice ya wanafunzi iliyokuwa inagoma ukipita nodi 64 au transista 10. Hilo limekwisha. Tangu mwaka 2020 Texas Instruments nao wanatoa PSpice yao ya bure. KiCad, iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa mwaka 1992, inakupa simulesheni ya ngspice na uchoraji wa bodi yenyewe mahali pamoja, kwenye Windows au Linux, na hakuna atakayekuuliza namba ya leseni.

Kazi ipi, chombo kipi

Kuanza na SPICE hakumaanishi kuishia hapo. Ninavyoona mimi ni hivi.

Huna laptopu, au ndiyo kwanza uko mwaka wa kwanza? Tafuta kichezeo cha Paul Falstad. Kinafunguka ndani ya kivinjari, hata cha simu, na kinakuonyesha mkondo kama vidoti vinavyotembea kwenye waya. Kwa kuelewa kwa nini kapasita inajaa polepole, sijaona mwalimu mzuri zaidi. Ripoti ya projekti usiifanyie humo.

Unaanza Arduino? Tinkercad ya Autodesk ni bure, ila inataka intaneti muda wote, kwa hiyo hesabu bando lako.

Unafanya mifumo ya udhibiti au mawimbi? Hapo MATLAB na Simulink ndizo zinazotajwa, na kama maabara ina leseni, tumia. Nyumbani GNU Octave inafanya hesabu nyingi za namna hiyo bila malipo, na Scilab ina Xcos yake kwa michoro ya visanduku.

Unakwenda kwenye umeme mkubwa, laini za usambazaji na vituo? Usijaribu kuchora mkoa mzima kwenye LTspice, utazeeka. Huko maofisini utakutana na ETAP au PowerFactory. Kwa kujifunza, OpenDSS ya taasisi ya EPRI ya Marekani iko wazi tangu mwaka 2008, na wanaopenda Python wana pandapower. Zote hazidai senti.

Wanaosema "waajiri wanataka programu fulani"

Hoja hii naiheshimu, ina ukweli. Matangazo ya kazi huwa yanataja majina ya programu. Lakini vitufe vya programu mpya unavijua ndani ya wiki mbili. Kusoma grafu na kusema "hapana, namba hii haiwezekani" hakuji kwa wiki mbili. Kunakuja kwa kukadiria kwanza kwa kalamu, kila mara, miaka minne. Mwenye tabia hiyo umpe programu yoyote ataimudu. Asiye nayo umpe ya mamilioni, atakuletea picha nzuri ya uongo.

Kuna wengine wanasema LTspice haina kifaa wanachokitaka kwenye maktaba yake. Watengenezaji wengi wa vifaa wanachapisha modeli za SPICE kwenye kurasa zao, ni faili la maandishi tu, unalipakua na kuliunganisha. Kulisoma faili hilo ni somo lingine zuri, maana unaona mtengenezaji mwenyewe ameiga nini na ameacha nini.

Neno dogo kwa walimu wetu

Waheshimiwa, shikamooni. Naomba niseme kwa adabu: picha ya skrini ikiendelea kupewa alama, tutaendelea kuleta picha za skrini. Ni rahisi kudesa picha kuliko kudesa fikra. Ningependa kila ripoti iwe na ukurasa mmoja wa mwanzo: makadirio ya mkono, namba ninazotegemea kuziona. Kisha simulesheni. Kisha vipimo vya bodi yenyewe kwa mita na osiloskopu. Na alama nyingi ziende kwenye maelezo ya kwa nini safu hizo tatu hazilingani, maana hazitalingana. Mwanafunzi akileta zinazolingana kabisa, huyo ndiye wa kumwita ofisini. Na kozi itaje programu ya bure tangu siku ya kwanza, ili yule asiye na mshikaji mwenye flashi asijione ameachwa nyuma.

Kwa wale wa mwaka wa pili mnaotaka kuanza leo: pakueni LTspice au KiCad kwenye kompyuta za maabara wakati intaneti haijaelemewa, gawaneni faili la usakinishaji kwa flashi (hii ni halali kwa KiCad, msimbo wake uko wazi), na saketi yenu ya kwanza iwe ni ile pawa saplai niliyoieleza hapo juu. Badilisheni kapasita, badilisheni volti, halafu mje mniambie mmeona nini.

Haya, nimeongea sana. Wana-Proteus najua mnachemka, karibuni mseme, tutabishana kwa heshima kama watu wazima. Ila mje na namba, sitaki picha! Kesho saa mbili asubuhi nina maabara, acha nikalale.

Jumatatu njema wote.